Mama Alijifunza Akiwa Marehemu

Jumanne jioni, fundi makochi mmoja ambaye viziwi wenzake walimpa jina la Nyusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, akichambua chembe za sponji zilizonasa kwenye nywele, taa ya chumba ilipozimika ikawaka, ikazimika tena ikawaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa hodi ya chumba kile cha uani. Swichi ilikuwa nje, ubavuni mwa mlango. Aliihamishia huko ili anayetaka kuingia abonyeze badala ya kugonga. Kaka yake, mwenye nyumba kubwa ya mbele, aliitumia. Wifi yake aliitumia. Mama yao hakuwahi kuitumia hata siku moja. Yeye alipiga mlango kwa kiganja mpaka akachoka, kisha akaingia amenuna, kama vile kutosikia ni jeuri ya mtu.

Nyusi akafungua. Mama yake alikuwa amesimama kizingitini, amevaa gauni lake la kijivu la kutokea, na begani pana udongo kidogo. Alikuwa amekufa tangu mvua zilizopita, kwa maradhi ya moyo.

“Hujambo, mwanangu,” mama akasema. “Umekula?”

Nyusi alisita. Hakusita kwa sababu mama amerudi. Watu hurudi; marehemu mume wa jirani wa pili alirudi kufunga bomba aliloliacha linavuja. Alisita kwa kuwa mama alikuwa ameyasema yale kwa mikono. Na hakuyasema kwa kubabaika. Vidole vilikuwa vimelegea, macho yako mahali pake, nyusi zikapanda pale swali linapotaka zipande. Ilikuwa lugha ya alama safi, yenye kamtindo ka kizamani, kama ya wazee waliosoma shule ya bweni ya viziwi enzi hizo ambapo walimu walikuwa bado wanawafunga mikono darasani.

Mama alipokuwa hai alijua ishara tano: kula, lala, njoo, acha, na baadaye. Hii ya mwisho ndiyo aliyoitumia kuliko zote. Watu walikaa mezani, kaka akasema jambo, wote wakacheka mpaka wakashika mbavu, Nyusi akamgusa mama mkono wa gauni kuuliza kuna nini. Mama alipunga kiganja kama anayefukuza nzi. Maana yake: nitakuambia baadaye. Nyusi akatabasamu na wenzake ili asionekane wa ajabu, akaendelea kula.

“Nimekula,” alijibu. “Ingia, mama. Umejifunza wapi?”

Mama akaingia, akaketi kwenye stuli, akajifuta udongo begani.

“Kule kule. Sauti hazifiki kule, mwanangu, udongo unazila. Wote tunatumia mikono. Wanaofika wakiwa wanajua ndio wanaotufundisha sisi wengine. Mimi nilikuwa mzito. Nimerudishwa darasa.”

“Kwa nini hukujifunza ulipokuwa hapa?”

Mama akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

“Nilikuwa na kazi nyingi,” akasema.

Nyusi aliona kwamba jibu hilo ni la kweli, na kwamba halitoshi. Akawasha jiko la mafuta, akabandika chai ya mtu mmoja, kwa sababu mama alisema hanywi.

Kuanzia siku hiyo mama akawa anakuja kila magharibi, giza lilipoanza kushika pembe za ua. Alisema ana deni la maneno na hataki kukaa nalo. Alianza na madogo. Alimweleza kwa nini watu walicheka kwenye harusi ya kaka: msimamizi wa bwana harusi alikuwa amevaa suruali ya kuazima na mwenye suruali akaja kuidai kwa ugomvi mbele ya wageni. Alimweleza shangazi alikuwa analilia nini ile Jumapili mezani, huku Nyusi anampa leso bila kujua. Alimweleza redio ilikuwa imetangaza nini siku ile watu wote walipotoka mbio nje wakamwacha yeye peke yake jikoni na sufuria mbili motoni. Alimpa hata jina la mbwa wao wa utotoni, ambaye Nyusi alimpenda na kumwita kwa kupiga mguu chini. Aliitwa Waziri.

Nyusi alicheka sana kwa ajili ya Waziri. Kisha akakumbuka kwamba wenzake walikwisha kukicheka kicheko hicho yeye akiwa bado na meno ya utoto, na sasa anakicheka mwenyewe ndani ya chumba.

Kazini alimwambia jirani yake wa benchi, mwanamume mnene aliyeitwa Pipa. Karakana ile ilikuwa na faraja moja. Mafundi wa makochi hushikilia misumari midogo midomoni wakati wa kutandaza kitambaa, na mtu mwenye misumari mdomoni hana la kusema. Kwa hiyo wote walikuwa wamejifunza kwa Nyusi alama mbili tatu za salamu na za kuombana nyundo, mkasi na uzi, na kwa saa kadhaa kila siku yeye ndiye aliyekuwa msemaji kuliko wote.

“Mama yangu amerudi,” Nyusi alisema.

Pipa akatikisa kichwa kwa heshima. “Msalimie,” akajibu kwa mkono mmoja, na mwingine ukaendelea kuvuta kitambaa.

Kaka alimkuta mama siku ya nne au ya tano, alipokuja kuuliza kama wamelipia maji. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

Mama akaitikia kwa mkono, akaendelea kusema naye. Alisema mengi. Aliuliza habari za mgongo wake, akamwambia aache kulala na feni, akamwambia paa la mbele lina bati moja limeachia. Kaka alimtazama kwa subira, jinsi mtu anavyotazama mvua akisubiri ikatike.

“Anasemaje?” akamuuliza Nyusi, akitamka taratibu ili asome midomo yake.

Nyusi akapunga kiganja. Baadaye.

Kaka akabaki pale kidogo, kofia mkononi, kisha akasema wifi anamsubiri. Bati halikupigiliwa. Mvua zilipokuja sebule ilivuja.

Kadiri siku zilivyokwenda, mama alianza kuchelewa kuyafikia maneno. Alikaa, akakunja gauni magotini, akasema juu ya hali ya hewa ya kule, ambayo ni moja tu. Nyusi akajua yaliyobaki ni yale makubwa. Jioni moja alizima jiko, akaketi mbele yake uso kwa uso, akasubiri.

“Unakumbuka wale wageni waliokuja kuangalia kabati?” mama akaanza.

Nyusi alikumbuka. Wakati ule alikuwa msichana mkubwa, ameanza kazi karakanani. Alikuja seremala kijana, kiziwi kama yeye, ambaye kwenye chama cha viziwi walimwita Randa kwa jinsi alivyosukuma ngumi juu ya kiganja, kama anayepiga randa ubao, akieleza chochote kile. Alikuja na mjomba wake amevaa koti. Mama akamwonyesha Nyusi kwa vidole kwamba wageni wanataka kununua kabati. Nyusi alileta chai. Alipokwisha kumimina, yeye na Randa walikaa pembeni ya sinia wakaongea. Waliongea juu ya miguu ya viti, ipi inaliwa na mchwa na ipi haiwezi, na juu ya mwalimu mmoja wa bweni aliyekuwa anasinzia amesimama. Yalikuwa mazungumzo matamu, na yeye aliyakumbuka kwa muda mrefu. Kisha mjomba akaweka kikombe chini, akainuka, akamshika Randa bega, wakaondoka. Kabati halikununuliwa.

“Walikuja kuposa,” mama akasema.

Nyusi akamwashiria aendelee.

“Mjomba aliongea vizuri sana. Alisema kijana ana kazi, ana chumba, hanywi. Akasema wameona mnavyoelewana. Na kweli mlikuwa mnaelewana. Sisi tulikuwa tunaongea na ninyi mnaongea, kila mtu na lake. Mimi nikamwambia, huyu hazai. Akauliza, una hakika? Nikamwambia nina hakika. Ndipo akaweka kikombe.”

“Ulikuwa na hakika gani?”

Mama alinyoosha mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaurudisha magotini. Ilimchukua muda kuuinua tena.

“Ule mwaka ulioumwa kidole tumbo,” akasema. “Walikupasua, wakakitoa. Daktari akaniita nje, akaniambia, mama, kwa kuwa tumekwisha kufungua, tumfunge na kizazi? Akasema, huyu hata akizaa, mtoto akilia usiku atamsikiaje? Nikaona ni neno la maana. Nikakubali.”

“Mimi nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa umelala kwa dawa. Ulipoamka ukaniuliza kwa uso, kuna nini. Nikakwambia…” Na mama akapunga kiganja, polepole, kama alivyopunga wakati ule.

Nyusi hakulia mbele yake. Alisimama, akachukua kikombe chake, akakiosha ingawa kilikuwa safi. Aliikumbuka ile hospitali, kitanda kando ya dirisha, muuguzi aliyekuwa akimletea uji na kumpapasa kichwa kwa huruma ambayo wakati ule aliona imezidi kwa mgonjwa wa kidole tumbo. Alikuwa mtu mzima. Alikuwa na kitambulisho. Alijua kusoma na kuandika. Wangeweza hata kumwandikia. Alipogeuka, mama bado alikuwa ameketi, mikono mapajani.

“Kaka alijua?” akauliza.

“Alikuwepo mezani tulipozungumza. Wewe ulikuwa unapakua.”

Nyusi akamwomba aende zake usiku huo. Mama akainuka, akaenda, na kwa adabu mpya aliyokuwa nayo hakubamiza mlango.

Jumamosi Nyusi alikwenda chamani. Chama cha viziwi kilikuwa na ukumbi wa mbao nyuma ya shule, ghala la zamani la madawati. Sakafu ilikuwa ya mbao pia, ndiyo sababu waliupenda: ukipiga mguu, mtu wa upande wa pili anaipata habari yako nyayoni. Randa alikuwa hapo, ameketi na mkewe, na watoto wao wanafukuzana kati ya viti. Alikuwa ameanza kuota mvi. Nyusi alimwomba watoke, wakasimama uani penye mwanga wa kutosha mikono kuonekana, akamweleza yote.

Randa alisikiliza kwa macho yake mpaka mwisho.

“Mjomba aliniambia wewe ndiye uliyekataa,” akasema. “Aliniambia umesema hutaki kiziwi mwenzio.”

“Mimi niliambiwa mmekuja kuangalia kabati.”

“Kabati gani?”

“Hakukuwa na kabati.”

Mtoto mdogo wa Randa alikuja akavuta suruali ya baba yake, akamwambia kwa alama kwamba mama anaita, na alama zake zilikuwa nzuri, za mtoto aliyelelewa nazo. Randa akamwinua mabegani. Alitaka kusema neno, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika miguu ya mtoto. Akamwinamishia Nyusi kichwa, akaingia ndani.

Siku hiyo hiyo Nyusi alimfuata wakili aliyekuwa akifika chamani kila Jumamosi kusaidia watu bure. Alikuwa kijana mwenye kusikia na mwenye nia njema. Alijua alama chache, akazitumia zote kwa kila jambo. Yaliyobaki waliandikiana. Wakili alisoma, akavua miwani, akaandika kwamba kumfunga mtu mzima kizazi bila yeye mwenyewe kuridhia ni kosa, na kwamba jambo gumu litakuwa ushahidi, kwa kuwa aliyekubali ni mama na mama amefariki.

“Mama atakuja,” Nyusi akaandika. “Anakuja kila jioni.”

Wakili akafikiri. Akaandika: “Anaweza kuja asubuhi?”

Mama aliulizwa. Akasema asubuhi inamchosha, lakini atakuja.

Kesi ilisomwa mara ya kwanza ikaahirishwa kwa sababu mahakama haikuwa na mkalimani. Ikaahirishwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Sheria ya nchi ilisema wazi kwamba kiziwi akifika mahakamani atapewa mkalimani wa lugha yake, na wala asitozwe kitu. Wakili aliisoma sheria hiyo kwa sauti nzuri.

“Hakuna anayebisha, wakili,” hakimu akasema. Alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. “Sheria ipo. Mkalimani ndiye hayupo.”

Mji ule ulikuwa na mkalimani mmoja. Siku ya ushahidi ilipofika, naye alikuwa amesafiri kwenda kwenye mkutano mkubwa wa kujadili uhaba wa wakalimani mahakamani.

Asubuhi hiyo mama alifika mapema, gauni la kijivu limenyooshwa kwa mikono, uso umepauka kwa jua. Mlinzi wa lango alimpitisha kwenye mashine ya ukaguzi, ambayo haikulia. Akamwomba kitambulisho. Kaka, aliyekuwa ameitwa shaurini kama mwanafamilia, akaeleza kwamba kitambulisho kilirudishwa serikalini baada ya mazishi, kama inavyotakiwa. Mlinzi akaona ni sawa, akawaruhusu.

Wakili wa hospitali alisimama na kusema hana pingamizi lolote juu ya shahidi kuwa marehemu. Alisema sheria ya ushahidi inamtaja mtu yeyote mwenye uwezo wa kuelewa maswali na kuyajibu, na haisemi kwamba awe anapumua. Hakimu akamshukuru. Karani akaandika.

“Shahidi anatumia lugha gani?” karani akauliza.

“Lugha ya alama,” wakili wa Nyusi akasema.

“Naye ni kiziwi?”

“Hapana. Ni marehemu.”

Karani akakata alipokuwa ameandika, akaandika upya. Hakimu akapenga kamasi, akatazama benchi la nyuma.

“Wewe hapo nyuma, si kaka yake? Mmekua nyumba moja. Si mnaelewana?”

Kaka akasimama. “Tunaelewana kidogo, mheshimiwa.”

“Basi utusaidie. Tusije tukaahirisha mpaka mwakani.”

Wakili wa Nyusi alipinga. Alisema ndugu huyu hajui lugha, na tena ana mkono katika jambo lenyewe. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, na kwamba ndiye waliye naye. Kaka akaapishwa.

Mama akasimama kizimbani. Aliongea kwa muda mrefu. Tangu arudi, Nyusi hakuwa amemwona akisema vizuri namna ile. Alisema jina la mwanawe, la kupewa na la alama. Akasema mwanawe alikuwa mtu mzima, ana akili zake timamu, anajua kusoma, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Akasema daktari alimuuliza yeye kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na masikio, na yeye akajibu kwa sababu hiyo hiyo. Akasema alifikiri anamwondolea mwanawe mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa wake yeye, wa kuona haya mbele za watu. Akaonyesha kwa mikono miwili jinsi alivyombeba Nyusi mchanga, kisha akaonyesha mikono hiyo hiyo ikiwa mitupu. Akasema hataki kusamehewa hapa, anataka iandikwe.

Mikono ikashuka. Chumba kizima kikamgeukia kaka.

Kaka alikuwa anatoka jasho. Alimtazama mama, akamtazama dada yake.

“Anasema,” akasema, “anawasalimia wote.”

Karani akaandika.

“Anasema alikuwa na mtoto. Anasema… anasikitika, mheshimiwa. Ni mambo ya zamani.”

“Ni hayo tu?” hakimu akauliza. “Amesema kwa kirefu.”

“Ana tabia ya kurudia rudia,” kaka akasema, na hapo hakuwa anadanganya, maana ndivyo alivyoona.

Nyusi alikuwa amesoma midomo ya kaka yake tangu utotoni, na hakukosa hata neno. Alisimama. Akasema kwa mikono, kwa nguvu, kwamba si hivyo, kwamba mama amesema kadha wa kadha, na akayarudia yote toka mwanzo. Watu walimtazama kwa heshima. Mlinzi mmoja akamletea kiti karibu, akidhani anajisikia vibaya. Alipokwisha, wakili akaomba ayaandike; hakimu akasema ushahidi hutolewa kwa mdomo, akamuuliza kaka amesemaje, na kaka akasema kwamba anakubaliana na mama yake.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu aliisoma ameinamia meza, kwa hiyo Nyusi aliona utosi tu. Yaliyosemwa aliyapata baadaye kwa maandishi: kwamba upasuaji ulifanywa kwa ridhaa ya mzazi, kwamba muda wa kulalamika ulikwisha miaka mingi iliyopita, kwamba mlalamikaji anadai hakujua, lakini familia yake ilijua, na habari ikiwa mezani kwa familia huhesabiwa kuwa imemfikia kila aliyeketi mezani. Mahakama ilimwonea huruma. Kila upande ulibeba gharama zake.

Walipotoka kwenye ukumbi, Nyusi alimuuliza wakili kwa uso. Wakili alitafuta alama ya kushindwa akakuta haijui. Akatumia iliyo karibu, akaweka shavu juu ya viganja. Kesi imelala.

Kaka alimsubiri ngazini. Alisema, akitamka taratibu, kwamba angependa siku moja amfundishe hiyo lugha, hata kidogo, sasa kwa kuwa mama naye anaitumia. Nyusi akamwambia darasa la wanaoanza lipo chamani kila Jumatano, bure. Kaka akasema vizuri, atajitahidi. Jumatano yake ilikuwa na kazi, na zilizofuata pia.

Mama aliendelea kuja jioni. Lakini maneno yaliyokuwa yamelala yalikuwa yamekwisha, na hao wawili, walipoishiwa na yaliyopita, walikuta hawana mengi. Mama aliuliza umekula. Nyusi akasema amekula. Walikaa. Nyusi hakumsamehe na hakumfukuza. Wakati mwingine aliendelea kushona vifungo huku mama anatazama ukuta. Jioni moja, kwa kukosa la kufanya, Nyusi alivaa viatu akasema anakwenda chamani, na kama mama anapenda amfuate.

Walimpokea vizuri. Viziwi wa mji ule walikwisha kusikia habari za mahakamani, na wengi walikuwa na maswali juu ya ndugu zao waliozikwa. Mama aliwajua karibu wote. Yule aliyemfundisha alama alikuwa bibi mzaa baba wa Randa. Alitoa salamu, akatoa habari, akaombwa akae mbele, akakaa. Halafu akaanza kusimulia. Alisimulia juu ya askari mmoja wa enzi za ujana wake aliyemfungia mwizi ndani ya chumba cha polisi akakuta amejifungia yeye mwenyewe, na alimwigiza askari, akamwigiza mwizi, akauigiza hata mlango. Watu walicheka mpaka sakafu ikatetemeka. Nyusi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, alikuwa hajawahi kukisikia kisa hicho. Aliona nusu yake kati ya vichwa vya watu. Hakuwa amejua kwamba mama yake ni mchekeshaji.

Jumamosi iliyofuata walimpa mama jina: vidole viwili vinavyopangusa bega. Akawa anakuja chamani moja kwa moja, bila kupita kwanza chumbani uani. Watoto walimkalia miguuni. Mke wa Randa alimwekea mto kwenye kiti. Ikiwa Nyusi yupo, mama alimwinulia mkono kutoka mbele, kwa furaha ya kweli, na kuendelea na kisa. Ikiwa hayupo, kisa kilianza kwa wakati wake.

Kwa hiyo jioni Nyusi alirudi kutoka kazini, akaoga, akala, akakaa. Taa haikuzimika wala kuwaka. Aliikagua swichi mara moja, akakuta ni nzima.

Jumatatu moja asubuhi, karakanani, kulikuwa na kochi la watu watatu la kuvuliwa kitambaa na kuvalishwa kipya. Makochi huficha vitu, na kazi ya anayevua ni kuvitoa. Nyusi aliingiza mkono kati ya sponji na mbao, akatoa kalamu, kitana kilichovunjika meno, na soksi moja ya mtoto mchanga, ya njano. Aliikung'uta. Alimwonyesha bosi, kwa kuwa wenye kochi wanaweza kuiulizia. Bosi alikuwa kwenye simu; akamwashiria atupe.

Akatupa. Kitambaa kipya kilikuwa kijani. Alipokitandaza aliona kimekatwa kifupi upande mmoja, ikabidi aunge kipande kwa nyuma, mahali ambapo kochi likisogezwa ukutani hapaonekani.